Anayejitolea Mwaka Mmoja Apange Kwanza Siku ya Kuondoka

Kila mara matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa, na kila mara vyuo vikuu vinapowatunuku wahitimu wao shahada, maelfu ya vijana hujikuta wana muda mikononi, ilhali kazi haijapatikana na nafasi ya masomo zaidi bado ni ahadi tu. Wengi hukaa nyumbani wakisubiri. Wachache huamua kuutoa mwaka mmoja wa maisha yao kwa jamii, wafundishe shuleni, wasaidie zahanati, au washirikiane na vikundi vya vijana na vya akina mama, bila kutarajia mshahara. Uamuzi huo ni wa kupongezwa. Hapa Garissa, na katika kaunti za Wajir na Mandera, msaada wa aina hiyo unahitajika mno.

Hata hivyo, ningependa kila kijana wa aina hiyo, kabla hajafungasha virago vyake, ajiulize swali moja: siku nitakapoondoka, ni kitu gani kitakachobaki? Naamini kwamba swali hilo ndilo linalopaswa kutangulia malengo mengine yote. Aghalabu vijana wetu hupanga siku ya kufika. Hupanga watakachovaa, watakachosema mbele ya gwaride la asubuhi, na picha watakazowatumia jamaa zao. Siku ya kuondoka hawaipangi. Huja tu kama mvua isiyotazamiwa, ikawakuta kazi imetapakaa huku na huku, wala hakuna wa kuikusanya.

Msomaji huenda akauliza kwa nini nalitilia mkazo jambo la kuondoka badala ya jambo la kufika. Sababu ni kwamba watoto wa eneo hili wameachwa mara nyingi mno. Tarehe 22 Novemba 2014 basi lililokuwa likitoka Mandera kuelekea Nairobi lilishambuliwa na abiria 28 wakauawa, miongoni mwao wakiwemo walimu wengi waliokuwa wakienda makwao kwa likizo. Tarehe 2 Aprili 2015 Chuo Kikuu cha Garissa kilivamiwa, na watu 148 wakapoteza maisha yao, walio wengi wakiwa wanafunzi. Mwezi wa Februari 2018 walimu waliuawa Qarsa katika Kaunti ya Wajir, na tarehe 13 Januari 2020 walimu watatu wakauawa Kamuthe, hapa hapa Garissa. Baada ya misiba hiyo, walimu waliotoka sehemu nyingine za nchi walihama kwa wingi, na mwaka huo wa 2020 tume inayowaajiri iliwahamisha wengi waliokuwa wamebaki.

Hakuna mtu mwenye utu anayeweza kuwalaumu walimu hao kwa kuyaokoa maisha yao. Wala isidhaniwe kwamba wenyeji walikaa kimya wakitazama. Mwezi wa Desemba 2015, basi jingine liliposhambuliwa katika Kaunti ya Mandera, abiria Waislamu walikataa kutengwa na wenzao Wakristo. Mmoja wao, mwalimu Salah Farah, alipigwa risasi, na mwezi uliofuata akafariki. Hata hivyo, pengo madarasani lilibaki pale pale. Katika shule nyingi lilizibwa na vijana wenyeji waliomaliza kidato cha nne, ambao walikabidhiwa chaki bila ya kupata mafunzo yoyote ya ualimu.

Tulitazame basi jambo hili kwa macho ya mtoto wa gredi ya tatu. Mwalimu wake wa kwanza aliondoka. Wa pili alikuja, akakaa muhula mmoja, naye akaondoka. Sasa anakuja kijana mchangamfu wa kujitolea, anayecheza nao mpira na kuyajua majina yao, kisha baada ya miezi kumi na miwili naye anapanda basi avuke daraja la mto Tana. Ikiwa hakuacha chochote, mtoto huyo atakuwa amejifunza somo moja tu, nalo ni kwamba kila anayekuja huondoka. Somo hilo ni baya kuliko ujinga, kwa kuwa mtoto aliyelishika hatamwamini mwalimu wa nne.

Wapo watakaosema kwamba kujitolea ni jambo la moyo, na kwamba malengo na vipimo ni mambo ya maofisini. Watatukumbusha kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Sina ugomvi na methali hiyo. Moyo ndio unaomtoa kijana nyumbani kwao. Lakini moyo hauwezi kumwambia afanye nini Jumatatu saa mbili asubuhi mbele ya watoto arobaini wasioijua lugha yake. Hapo panahitajika lengo, nalo liwe lengo linalojulikana lilipoanzia na litakapoishia.

Katika eneo hili tunayo mifano miwili ya kutufunza. Wa kwanza ni wa Annalena Tonelli, Mwitaliano aliyezaliwa mjini Forlì mwaka 1943, akafika Kenya mwaka 1969. Hakuwa daktari. Alikuwa amesomea sheria, na kazi yake ya kwanza nchini ilikuwa ualimu. Aliishi Wajir miaka kadhaa miongoni mwa watu kabla ya kukabidhiwa, mwaka 1976, mradi wa majaribio wa Shirika la Afya Duniani wa kutibu kifua kikuu miongoni mwa wafugaji wa kuhamahama. Tatizo lilikuwa dhahiri. Matibabu ya maradhi hayo siku hizo yalichukua mwaka mzima na zaidi, na mfugaji hawezi kukaa mahali pamoja muda wote huo ilhali mifugo yake inataka malisho. Wengi walianza dawa, wakahama, na ugonjwa ukawarudia ukiwa mkali zaidi.

Tonelli hakuwahimiza wafugaji wageuke kuwa watu wa mjini. Aliwaalika waje na aqal zao, zile nyumba za fito na mikeka zipakiwazo juu ya ngamia, wazisimamishe karibu na kituo chake, na wameze dawa kila siku mbele ya macho ya mhudumu kwa muda wa miezi sita. Lengo lake lilikuwa kwamba mgonjwa aliyeanza dawa amalize dawa. Angalia, msomaji, sifa tatu za lengo hilo. Lilikuwa na muda uliojulikana. Lilipimwa kwa mgonjwa, halikupimwa kwa jitihada za mhudumu. Tena lilifuata maisha ya watu kama yalivyokuwa. Kwa hiyo, alipolazimishwa kuondoka nchini mwaka 1985, baada ya kusaidia kuyafichua mauaji ya Wagalla ya Februari 1984, utaratibu wenyewe haukufa. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani lilieneza ulimwenguni kote njia inayofanana na hiyo, ya mgonjwa kumeza dawa akishuhudiwa. Tonelli aliuawa Borama, kaskazini mwa Somalia, mwezi wa Oktoba 2003, mwaka ule ule aliotunukiwa Tuzo ya Nansen ya wanaowahudumia wakimbizi.

Mfano wa pili ni wa Dekha Ibrahim Abdi, mzaliwa wa Wajir wa mwaka 1964. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 koo za Wajir zilikuwa zikipigana, watu wakifa na mifugo ikiporwa. Dekha na wanawake wenzake hawakutangaza kwamba wangekomesha vita. Walianza na soko. Walitaka kila mwanamke, awe wa ukoo gani, aweze kuuza na kununua pale bila ya kubughudhiwa, wakajiwekea utaratibu wa kulilinda hilo. Kutoka sokoni wakawaendea wazee, na mwezi wa Septemba 1993 wazee wa koo wakakubaliana kwa Azimio la Al Fatah. Baadaye ikaundwa Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir, na mfano wake ukaigwa katika wilaya nyingine za Kenya. Dekha alitunukiwa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007, na mwaka 2011 akafariki kutokana na ajali ya barabarani. Yeye hayupo, lakini kamati za amani zingalipo.

Siwataji watu hawa ili kijana wa miaka ishirini na miwili ajilinganishe nao, maana wao walitoa maisha yao na yeye anatoa mwaka. Nawataja kwa sababu kazi yao ilianzia kwenye jambo dogo lililoweza kuonekana kwa macho, ikaishia mikononi mwa watu wengine. Hilo linawezekana hata katika mwaka mmoja.

Tuchukue mfano wa kijana aliyepelekwa katika shule ya msingi iliyo nje kidogo ya mji wa Garissa. Akisema lengo lake ni kuinua kiwango cha elimu, hiyo itakuwa ni dua, nasi tutaitikia amina. Akitaka lengo, na aanze kwa kupima. Kuanzia mwaka 2009 mpango wa Uwezo uliwatumia watu wa kujitolea kupita nyumba hadi nyumba nchini Kenya, wakiwapima watoto wa miaka 6 hadi 16 kwa maswali ya kiwango cha darasa la pili. Kipimo cha kusoma Kiswahili hupanda ngazi kwa ngazi: silabi, neno, aya, kisha hadithi fupi. Hakihitaji mtambo wala fedha. Kijana wetu anaweza kumwita mtoto mmoja mmoja kwa dakika tano chini ya mti, akaandika katika daftari kila mmoja amefika ngazi gani.

Tuseme kwamba kati ya watoto 40 amewakuta 18 wamekwama kwenye silabi. Sasa anaweza kusema: kufikia mwisho wa muhula wa pili, watoto hawa 18 wawe wanaisoma aya. Hilo ni lengo. Linaweza kutimia na linaweza kushindikana, na likishindikana litajulikana limeshindikana kwa mtoto yupi na katika ngazi ipi. Daftari hilo libaki shuleni, lisiondoke katika mkoba wa mgeni.

Jambo la pili ni majira. Mwaka wa shule huanza Januari, wakati eneo hili limo katika jilaal, ule msimu mkavu ambapo familia za wafugaji hutafuta maji na malisho mbali. Mvua za gu hutazamiwa kuanzia Machi au Aprili, na za deyr kuanzia Oktoba. Katika ukame wa mwaka 2020 hadi 2023 misimu mitano ya mvua mfululizo haikufanikiwa, na familia nyingi zikapoteza mifugo yao. Kijana asiyeijua kalenda hii atamwandika mtoto kuwa mtoro, kumbe mtoto yuko nyuma ya ngamia wa babake. Lengo la busara huacha nafasi kwa ajili ya mtoto huyo: ajulikane ameenda na familia gani, abebe kijitabu chake cha silabi, na akirudi mvua zinyeshapo, apokelewe pale alipofikia bila ya kurudishwa mwanzo. Dugsi za Qurani zimelifanya hilo tangu zamani, kwani huko maalimu huhama pamoja na wanafunzi wake. Mgeni mwenye hekima atamtembelea maalimu huyo katika wiki yake ya kwanza, wakubaliane juu ya saa za masomo, hasa katika mwezi wa Ramadhani.

Tatu ni lugha. Mtoto wa hapa huongea Kisomali nyumbani, kisha shuleni hukutana na Kiswahili na Kiingereza kwa pamoja. Anayemfundisha ana deni la kujifunza walau maneno ya kila siku. Salamu yenyewe ya huku, "Ma nabad baa?", huuliza kama kuna amani. Mwalimu anayeweza kuisikia salamu hiyo na kuijibu ipasavyo amekwisha kupunguza nusu ya umbali kati yake na mzazi.

Nikiulizwa idadi ya malengo, nitasema matatu yanatosha, maana mshika mbili moja humponyoka, sembuse mshika kumi. La kwanza liwahusu watoto, kama nilivyoeleza. La pili limhusu mwenyeji mmoja atakayebaki. La tatu limhusu kijana mwenyewe.

Hilo la pili ndilo kiini cha hoja yangu. Karibu kila shule ya huku ina kijana mwenyeji, aghalabu aliyemaliza kidato cha nne, anayelipwa kidogo na bodi ya shule au halipwi kabisa. Anayejitolea na amchukue huyo awe mwenzake tangu siku ya kwanza. Wapime watoto pamoja, waandae masomo pamoja. Katika muhula wa kwanza mgeni afundishe na mwenyeji atazame. Katika wa pili wapokezane. Katika muhula wa tatu mwenyeji asimame mbele, na mgeni akae nyuma ya darasa, akiandika yale atakayomshauri baadaye. Kukaa huko nyuma ni kugumu kwa kijana aliyezoea kupendwa na watoto, maana ni lazima akubali kwamba kazi sasa inafanyika bila yeye. Lakini ndivyo siku ya kuondoka inavyotayarishwa, na ndivyo mtoto wa gredi ya tatu anavyoepushwa na msiba wa kuachwa tena. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Mwenyeji hatapona ikiwa mgeni ataondoka na dawa.

Lengo la tatu ni la nafsi, wala si aibu kuwa nalo. Kijana na aandike ni ujuzi gani anaoutafuta kwake mwenyewe: kuzungumza mbele ya wazee, kutunza hesabu, kujua Kisomali cha kutosha kununua maziwa sokoni bila mkalimani. Anayedai kwamba hatafuti chochote aghalabu huwa anatafuta sifa, nazo sifa hazimtoshelezi mtu. Aandike pia mipaka yake. Akubaliane mapema na shule kuhusu chakula na malazi, ajulishwe kwa chifu na kwa kamati ya wazazi, na akiambiwa na wenyeji kwamba barabara fulani haipitiki wiki hii, asiipite. Kujitolea hakumtaki mtu awe shujaa.

Kwa walimu wakuu nina ombi. Mkipokea kijana wa kujitolea, msimtwike madarasa matano kwa kuwa tu hana wa kumtetea. Mpeni darasa moja na mwenzake mmoja, kisha mwulizeni malengo yake baada ya wiki ya tatu, atakapokuwa amesikiliza vya kutosha. Malengo yaliyoandikwa kabla ya kufika ni ya kusafiria tu.

Na kwa wenye mamlaka nina neno pia. Vijana hawa wasigeuzwe kuwa blanketi la kufunikia upungufu wa walimu. Mtoto wa Garissa, sawa na mtoto wa Nyeri au wa Kisumu, ana haki ya kupata mwalimu aliyesomea ualimu na anayelipwa mshahara wake kila mwezi. Mwaka wa kujitolea unaweza kuwavusha watoto kadhaa kutoka silabi hadi aya, na unaweza kumkomaza kijana mwenyeji hata akatamani kujiunga na chuo cha ualimu. Hauwezi kuchukua mahali pa serikali, na haupaswi kuombwa ufanye hivyo.

Basi, wewe mwanafunzi unayesoma makala haya ukiwaza kuutoa mwaka wako, chukua karatasi moja. Juu kabisa andika tarehe utakayoondoka, na chini yake jina la mwenyeji utakayemkabidhi daftari. Kama jina hilo hulijui bado, liache wazi, nenda, na ufanye kulitafuta kuwe kazi yako ya mwezi wa kwanza. Malengo yako matatu yaandike baada ya hapo, uyasome mbele ya wazazi katika lugha wanayoielewa. Watakurekebisha. Wasikilize, maana wao ndio watakaobaki na watoto hao baada ya basi lako kuvuka daraja.